Kasha la Chuma, Chumba cha Nyuma

Limefika Jumanne kwa lori kutoka Kajaani,
kilo mia moja na arobaini, limevishwa mbao na nailoni.
Dereva akalishusha thelujini, akataka sahihi, akaenda zake.
Jirani yangu Taisto akaja na magogo mawili na mgongo wake mbovu,
tukalisukuma inchi kwa inchi, tukitukana kwa sauti ya chini
kwa sababu Saimi alikuwa amelala.

Miaka thelathini na mmoja bunduki ya baba
imesimama nyuma ya kabati la makoti
kati ya ufagio na fimbo za kutelezea thelujini,
risasi zikikaa jikoni, kwenye kopo la kahawa, juu ya friji.
Kila mgeni alijua. Paka alijua.
Sheria ilisema kufuli; mimi nilisema kesho.
Hatukuiita silaha. Tuliiita "ile ya baba",
kama mtu anavyosema kiti, au saa ya ukutani.

Septemba binti yangu alirudi kutoka hospitali
na mfuko wa plastiki, na soksi zisizo zake.
Usiku uleule niliibeba kwenda kwa Taisto, nimeiviringisha blanketi,
nikiinyata njia nzima
kama niliyebeba mtoto aliyesinzia.
Hakuuliza kitu. Alisogeza viatu, akaipisha.

Sasa keekee inalia kwenye zege.
Matundu manne: mawili sakafuni, mawili ukutani.
Vumbi limenitua nyusini, nimezeeka kwa dakika kumi.
Kaza bolti, yasema maelezo, hadi spana ikatae.
Nimekaza hadi ikakataa.
Nimekaza tena.

Kitambaa cha ndani nimekikata kwenye koti la jeshi la baba,
sufi ya kijivu, bado inanuka moshi wa sauna.
Nimegandisha gundi, nimelainisha kwa kiganja,
nimechonga pango la mtutu, kitanda cha kitako.
Risasi zina kijumba chao juu, na ufunguo wao peke yao.
Vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya,
Taisto ameleta kikapu kizima:
alivikusanya tangu ndoa yake ya kwanza,
akijua, anasema, kwamba ipo siku.

Kisha namba. Tarakimu sita.
Si siku aliyozaliwa. Si siku aliyokufa mama yake.
Nimeketi sakafuni nikitafuta namba isiyo na maana,
na hilo, naapa, ni gumu kuliko zege:
kila namba niliyoishika ilikuwa na mtu ndani.

"Unamfungia nani?"
Amesimama mlangoni, na sweta langu, na nywele za upande mmoja.
Spana imenishinda uzito.
"Kutu," nimesema.

Ametazama koti la babu yake likiwa limegeuka ukuta.
Ametazama bolti, moja moja, kama anayehesabu nyota.
Akaondoka. Nikasikia droo ikifunguliwa juu,
nikasikia ngazi, ile ya tatu inayolia,
akarudi na chupa mbili za vidonge, vya usiku na vya usiku sana,
akaziweka rafu ya juu, pembeni ya pasipoti.
"Basi na hivi visipate kutu.
Utanipa kimoja kimoja."

Nikamgeuzia mgongo, nikabonyeza namba.
Naye akageuka upande wake, bila kuambiwa,
akatazama theluji dirishani mpaka nilipomaliza.

Ndani kuna taa ndogo. Nimeiunga mwenyewe.
Huzimika mlango ukifungwa, yasema maelezo,
na Saimi, akinywa chai, anataka kujua tutahakikishaje.
Hatuwezi, nimemwambia.
Amefikiri kwa muda mrefu, kijiko mdomoni.
"Labda inawaka," amesema,
"labda inawaka muda wote."